Mirathi ya Ini

Kidonge cha kwanza kilikuwa cheupe, nusu ya ukucha.
Nilikinywa wiki tisa hapa Langoni,
mlango umefungwa, feni ikikata hewa ileile,
na huzuni ikabaki palepale
kama mpangaji asiyelipa wala asiyehama.

Cha pili kilinitetemesha vidole.
Mimi nashona kofia za vito,
kazi ya tundu elfu, kila tundu na uzi wake;
mkono ukitetema, tundu huwa jeraha.
Mteja wa Matondoni alirudisha yake,
akasema kwa adabu, "Bi Somoe, safari hii umeharakisha."
Sikuharakisha. Sikuwa nimelala siku nne.

Cha tatu sitaki kukieleza.

Shangazi Mwanaate alisema, "Huna ndwele, una fikira. Zipunguze,"
utadhani fikira ni chumvi.
Nilikunywa na kombe pia, zafarani kwenye sahani nyeupe,
maandishi yakiyeyuka majini. Silikani kombe:
lilinipa usingizi wa usiku mmoja,
na usiku mmoja si haba.
Lakini mtaani neno lilishatoka:
dawa zote amepewa, mwenyewe hataki kupona.
Hilo liliniangusha kuliko ugonjwa.

Mwezi wa Rajabu akaja daktari mwingine, Kache Tsuma,
mwenye viatu vya raba na haraka ya mtu wa boti ya saa kumi.
Hakuniuliza kama naswali.
Hakuniuliza nani kaniudhi.
Aliuliza, "Baba yako aliwahi kupewa dawa za namna hii?"

Nikamwona baba, kageuza uso ukutani,
vidonge vya hospitali vikimpita kama mvua juu ya bati,
na watu barazani: Bwana Shali mbishi,
hata dawa anaibishia.

Akanipa kijiti cha pamba. "Sugua ndani ya shavu,
huku na huku, hesabu thelathini."
Nikacheka, cheko la kwanza tangu Maulidi.
Miaka minne ya maswali,
kumbe wangeyauliza mate.
Kijiti kikavuka Manda, kikapanda ndege
ambayo mimi mwenyewe sijaipanda.

Majibu yalichukua siku ishirini na sita.
Karatasi ina rangi tatu; alinisomea polepole.
Ini langu, alisema, lina kimeng'enya chenye pupa:
dawa ya kwanza linaisaga kabla haijaketi,
mgeni ananyang'anywa kikombe hajaonja.
Na kuna kingine kizito, kilichokwama,
ndiyo maana ya pili ilijaa mwilini hadi vidoleni.
"Haisemi kwa nini una huzuni," akaongeza,
"wala haiahidi kitu. Inatuonyesha tu
milango gani tusipoteze muda kuibisha."

Kadhi alipogawa mali ya baba
kaka alipata sehemu mbili, mimi moja,
mama thumuni yake, na cherehani ikazua ugomvi.
Hii haikupita kwa kadhi.
Aliniachia bila shahidi, bila hati,
nikaibeba miaka arobaini na mmoja
nikidhani ni tabia.

Baba, hukuwa mbishi.
Nilisema kwa sauti, njiani, karatasi kwapani,
na mwenye punda akasimama
akidhani namwambia yeye.

Mimi sianzi kofia bila uzi wa kupimia,
nizungushe pajini, nifunge fundo,
maana kichwa cha Shekuwe hakiingii kofia ya Muhsini.
Najaribu kukumbuka nani mwingine
aliyewahi kunizungushia uzi.

Sasa ni kidonge cha nne, cha manjano,
nusu kila asubuhi. Wiki ya tano.
Sisemi nimepona; uwongo huo nimewapa wengi.
Jana niliamka saa nane ya usiku, kifua kikagonga,
kisha kikatulia kabla sijahesabu mia.
Leo nimetoboa vito kumi na saba.
Cha kumi na nane nimekiacha makusudi,
kesho nipate pa kuanzia.